Kubadilisha ringi, metali na pistoni nyumbani: pima kwanza, nunua baadaye

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye gari dogo la petroli ambalo injini yake imechoka, mwenye banda au baraza lililoezekwa, na mwenye subira ya kuiacha injini ikiwa wazi kwa majuma mawili au matatu bila kuikimbiza. Mfano nitakaoutumia ni Toyota 5A-FE, injini ya sentimita za ujazo 1498 yenye silinda za kipenyo cha milimita 78.7, kwa sababu ndiyo niliyoifungua mwenyewe hapa Uyole, Mbeya, mara mbili, na mara ya pili sikupaswa kuifungua. Anayefungua injini nyingine atakuta kazi ni ileile, lakini vipimo vyake lazima avichukue katika kitabu cha injini yake.

Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba injini haiponi kwa kuwekewa vipuri vipya, bali kwa kuwekewa vipuri vinavyolingana na kile kilichobaki ndani yake. Wengi wetu huanzia dukani: tunanunua seti ya ringi (pete za pistoni), seti ya metali (vibati vya nusu duara vinavyobeba mhimili wa injini) na gasketi zote, tunazipanga mezani, ndipo tunafungua injini tukitumaini kwamba vitaingia. Mpangilio sahihi ni kinyume chake.

Kabla ya kufungua

Pima mgandamizo wa kila silinda ukiwa bado hujalegeza hata nati moja. Pasha injini moto, toa plagi zote, zima moto wa plagi na mafuta, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini, kisha zungusha kwa starta huku geji ikiwa kwenye tundu la plagi. Andika namba nne.

Hapa wakazi wa nyanda za juu tuna jambo letu la kuzingatia, nalo hukosesha watu fedha nyingi. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya urefu huo ina kanieneo la kama asilimia 82 tu ya lile la pwani. Injini hunyonya hewa hiyo nyepesi, kwa hiyo geji nayo husoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Ikiwa kitabu kinasema silinda nzima hutoa kilo 13 kwa sentimita ya mraba, injini nzima kabisa ikipimwa Mbeya itatoa kama kilo 10 na nusu, na fundi asiyelijua hilo ataihukumu kuwa imekufa. Zidisha kiwango cha kitabu kwa 0.82 kabla ya kulinganisha. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo yenye maana zaidi: moja ikiwa chini ya wenzake kwa kilo moja au zaidi, hiyo ina tatizo.

Kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la silinda iliyo chini na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umekwisha. Isipopanda, hewa inapotelea kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi kati yao. Watu wamewahi kubomoa injini nzima kwa ajili ya moshi wa bluu uliokuwa ukitoka kwenye sili za valvu tu, kazi ambayo haihitaji kuigusa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni.

Mahali na vifaa

Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza upepo wa kwetu hubeba vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati. Ikiwa lazima ufanye kazi miezi hiyo, tundika karatasi za plastiki pande zote za banda, mwagia sakafu maji kila asubuhi, na kila kilichofunguliwa kifunikwe kwa mfuko safi kabla hujaondoka, hata kama unakwenda kunywa chai. Usifanye kazi hii chini ya mti.

Vifaa vya kawaida vya spana unavyo. Vile ambavyo huwezi kuvikwepa ni spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), fila geji (vibamba vya kupimia mwanya), rula ya chuma iliyonyooka kweli, kibanio cha ringi, na uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi ya metali, ambao mafundi huuita plastigeji. Maikromita na geji ya silinda si lazima uvinunue, kwa kuwa karakana ya kuchonga inavyo na itakupimia. Ila simama hapo hapo, uone namba, uandike mwenyewe.

Kufungua

Piga picha za simu kila hatua, hasa za nyaya na mipira ya vakyumu. Toa silinda hedi kwa kulegeza bolti kidogo kidogo kutoka nje kuelekea katikati, injini ikiwa baridi kabisa. Ukilegeza upande mmoja kwanza utaikunja. Katika 5A-FE bolti za hedi ni za urefu wa aina mbili, kwa hiyo zichomeke kwenye boksi la karatasi lenye mchoro wa hedi, kila moja mahali pake.

Kabla ya kusukuma pistoni juu, pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda karibu na mdomo. Ukikwama kwenye ngazi, hapo ndipo ringi ya juu ilipokuwa ikigeukia kwa miaka yote, na chini ya ngazi hiyo ukuta umelika. Ngazi hiyo iondolewe kwanza kwa kifaa chake, la sivyo itavunja pistoni inapotoka, au itavunja ringi mpya baadaye ukithubutu kurudisha pistoni bila kuchonga.

Vifuniko vya konrodi (fito zinazounganisha pistoni na krenki) na vya krenki vilichongwa pamoja na mwenzake, kila kimoja na mahali pake, na havibadilishani kamwe. Tafuta namba na mishale iliyopigwa kiwandani. Isipoonekana, piga alama zako kwa nukta ndogo pembeni, pande zote mbili. Chomeka vipande vya mpira wa kupitishia petroli kwenye bolti za konrodi kabla ya kuisukuma pistoni, kwa sababu ncha ya bolti ikigusa shingo ya krenki (sehemu laini inayozunguka ndani ya metali) itaacha mkwaruzo utakaoimaliza metali mpya.

Kusoma kilichoua injini

Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wa haraka huiruka, nami naiona kuwa na thamani kuliko zote. Usizitupe metali za zamani. Zifute, zipange kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda, ya juu juu na ya chini chini, uziangalie kwenye mwanga wa jua.

Metali iliyochakaa kwa umri ina rangi ya kijivu iliyofifia, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Inayoonyesha shaba katikati ilikosa oili, au oili ilikuwa imechanganyika na petroli na kuwa nyepesi kama maji. Iliyolika ukingo mmoja tu, na ya upande wa pili ikalika ukingo wa kinyume, inakuambia kwamba konrodi imepinda. Yenye mistari ya duara na punje zilizozama ndani yake ilikula uchafu. Kila moja ina dawa yake: ya kwanza ni metali mpya tu, ya pili inakutaka uikague pampu ya oili na kichujio cha ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini), ya tatu inakutaka uipeleke konrodi ikapimwe, na ya nne inakurudisha kwenye mifereji ya oili, ambayo nitaizungumzia.

Pistoni nazo zina habari. Mikwaruzo ya kusimama inayozunguka ukuta mzima, pamoja na ringi ya juu iliyokuwa nyembamba kama wembe, ni kazi ya vumbi lililopita kwenye kichujio cha hewa au kwenye mpira uliopasuka baada yake. Gari lililoshinda likipita barabara za vumbi za Usangu wakati wa mavuno ya mpunga huja na alama hizo. Mikwaruzo ya upande mmoja au pande mbili zinazotazamana huashiria joto la kupita kiasi, na hapo rejeta ndiyo mgonjwa wa kwanza.

Niseme pia kuhusu thermostati, kwa kuwa nyingi nimezikuta zimetolewa. Wanaozitoa husema injini itapoa vizuri. Katika baridi ya Mbeya ya Juni na Julai, injini isiyo na thermostati haifiki kamwe kwenye joto lake la kazi. Petroli isiyoungua huiosha oili kutoka kwenye ukuta wa silinda, ringi zinasugua chuma kikavu, na oili iliyo chini inazidi kuwa nyepesi. Irudishe.

Kupima, ndipo kununua

Pima kila silinda mahali patatu, juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Namba sita kwa silinda, ishirini na nne kwa injini. Shingo za krenki zipimwe vivyo hivyo. Zikiwa na tofauti ya zaidi ya milimita 0.02 kati ya upande na upande, au ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, krenki inakwenda kusagwa.

Ikiwa silinda zimo ndani ya kiwango cha kitabu, ringi mpya za stendadi na kuusugua ukuta kwa mawe ya kusugulia vinatosha. Ikiwa zimepita, zote nne huchongwa kwa saizi moja, kwa kawaida milimita 0.50 zaidi, hata kama ni moja tu iliyoharibika. Ringi mpya kwenye silinda iliyolika kwa umbo la yai hazitaziba, hata ziwe za bei gani.

Mpangilio ni huu. Mchongaji apime kwanza na kusema krenki itasafika ikisagwa kwa kiasi gani, milimita 0.25 au 0.50. Kisha ulizia kwenye maduka ya spea, kuanzia Mwanjelwa, kama metali za saizi hiyo na pistoni za ovasaizi (kubwa kuliko za awali) unayoihitaji zipo kweli dukani, si kwa ahadi. Zikiwepo, nunua. Ndipo urudi kwa mchongaji ukiwa na pistoni mpya mkononi. Nilipompelekea mchongaji wangu bloku (mwili wa injini wenye silinda) bila pistoni aliirudisha kwenye toroli akaniambia, “Kijana wangu, mimi sichongi silinda, nachonga nafasi ya pistoni yako. Lete pistoni niipime.” Alikuwa sahihi kabisa: pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 za watengenezaji tofauti zinaweza kutofautiana kwa sehemu kadhaa za mia za milimita, na nafasi yote inayotafutwa kati ya pistoni na ukuta ni sehemu hizo chache za mia.

Bolti za konrodi na za hedi zipimwe unene na urefu. Zilizovutika hazirudi, na bolti ya konrodi ikikatika hutoboa bloku. Pampu ya oili ikiwa na mikwaruzo ndani, badilisha. Oili sili za mbele na nyuma ya krenki badilisha bila kujiuliza, maana bei yake ni ndogo na kuifikia tena ile ya nyuma ni kushusha gia boksi.

Kuosha

Mara ya kwanza nilipofungua injini yangu niliosha bloku iliyochongwa kwa petroli na brashi, nikaifuta, ikang'aa, nikaridhika. Kilomita kama 400 baadaye, nikipanda kutoka Tukuyu, taa ya oili ilianza kupepesa, na kabla sijafika Isyonje sauti ya kugonga ilikuwa inasikika juu ya redio. Nilipofungua bolti ya sampu, oili iliyotiririka kwenye karai ilikuwa na mng'ao wa fedha, kama rangi ya kupakia mabati. Niliisugua kati ya vidole viwili nikasikia unga. Metali ya konrodi ya tatu ilikuwa imeviringika na kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na nilipoingiza waya kwenye tundu la oili la shingo hiyo, ulitoka na tope jeusi la mawe ya kusagia. Lilikuwa langu. Mchongaji alikuwa ameniambia nisafishe matundu, nami nikaona yamesafika.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa vizibo vyote vya mifereji ya oili kwenye bloku. Pitisha brashi nyembamba ndefu kwenye kila mfereji na kila tundu la krenki, kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto yenye sabuni ya unga, kisha upulize kwa hewa ya kompresa hadi kitambaa cheupe kilichowekwa upande wa pili kibaki cheupe. Kuta za silinda zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli, kwa kuwa petroli huichukua oili na kuuacha unga wa jiwe umejificha kwenye mistari iliyochorwa na mchongaji. Sugua, suuza, futa kwa kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka na kijivu, rudia. Yangu ya mara ya pili ilihitaji kurudiwa mara tano. Mara tu ukuta unapokauka upake oili, maana chuma kilichochongwa hushika kutu ndani ya dakika chache.

Kufunga

Weka metali za bloku kwenye viti vikavu, visivyo na tone la oili upande wa nyuma, na hakikisha tundu la metali limelingana na tundu la bloku. Laza krenki. Kata kipande cha plastigeji, kilaze juu ya kila shingo, funga kifuniko kwa toki kamili, kisha fungua bila kuizungusha krenki hata kidogo. Linganisha upana wa uzi uliopondeka na rula iliyo kwenye pakiti yake. Katika injini ndogo nyingi za petroli nafasi nzuri huwa kati ya milimita 0.02 na 0.05. Ukikuta chini ya hapo, usifunge ukitumaini italegea yenyewe. Ukikuta karibu na 0.10, metali si za saizi ya krenki yako. Fanya hivyo kwa shingo zote, za bloku na za konrodi, hata kama umechoka.

Ukimaliza, paka metali oili nyingi, funga vifuniko vya krenki kwa awamu tatu kutoka katikati kwenda nje, na baada ya kila kifuniko izungushe krenki kwa mkono. Ikikaza ghafla baada ya kifuniko fulani, tatizo liko pale pale. Katika familia ya 5A-FE vifuniko hivi hukazwa kwa nyutonimita 60. Nati za konrodi zilibadilishiwa utaratibu wa kukazwa kati ya matoleo, kwa hiyo tafuta kitabu cha mwaka wa injini yako.

Kila ringi iingizwe peke yake kwenye silinda yake, isawazishwe kwa kichwa cha pistoni, na mwanya wa ncha zake upimwe kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 78.7, mwanya wa ringi ya juu wa kati ya 0.25 na 0.35 ni salama. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto ncha zitagusana na kukwaruza ukuta; zipunguze kwa tupa laini, ukisugua kuelekea ndani. Alama iliyochapwa kwenye ringi hutazama juu. Mianya isipangane kwenye mstari mmoja, wala isikae upande wa pini. Alama ya pistoni hutazama mbele, upande wa taiming belti. Bana ringi, chovya pistoni kwenye oili, isukume kwa mpini wa mti wa nyundo taratibu. Ikigoma usiipige: ringi imetoka nje ya kibanio, na pigo moja litaivunja.

Hedi ipimwe kwa rula na fila geji. Ikiwa imepinda kwa zaidi ya 0.05 upande wa bloku, ikachongwe. Bolti zake katika 5A-FE hukazwa kutoka katikati kwenda nje kwa nyutonimita 29, kisha zote nyuzi 90, kisha zote nyuzi 90 tena. Weka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili ujue iliyokwisha kugeuka.

Kuwasha na kuzoesha

Jaza pampu ya oili kwa oili kabla ya kuifunga, la sivyo itazunguka ikinyonya hewa. Injini ikiwa imekamilika, toa plagi, zima mafuta na moto, uizungushe kwa starta kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Ikiwaka, sikiliza, angalia uvujaji, toa hewa kwenye rejeta, na usiiache isinzie kwenye sailensa (ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta) kwa muda mrefu, kwa sababu ringi hukaa mahali pake kwa kusukumwa na mzigo.

Kwa hilo milima yetu ni msaada ikitumika kwa kiasi. Panda mwinuko mdogo kwa gia inayotosha, ongeza mafuta taratibu, kisha achilia na uteremke kwa injini bila kukanyaga, urudie. Usiende safari ya kupanda Kitonga ukiwa na abiria na mizigo ndani ya kilomita 1,000 za kwanza.

Badilisha oili na kichujio kwa kilomita 500, na tena kwa 1,000. Kichujio cha kwanza kikate kwa msumeno nje ya banda, kunjua karatasi yake, ikamue, uiweke juani. Chembe chache za chuma zinazonaswa na sumaku ni za kawaida kwa ringi zinazozoea ukuta. Ukiona vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivikamati, hiyo ni metali; zima gari hapo hapo na ushushe sampu siku hiyo hiyo, wakati krenki bado inaweza kuokolewa.